Moto wa Nyumba: Kuni, Makala na Umeme mu Katanga ya Kusini

Mwaka moja, katikati ya mwezi wa saba, tulikaa kilio cha vijana wawili mu kartye yetu hapa Lubumbashi. Walikuwa wametoka kijijini kuja kusoma, wakakodi chumba kimoja. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, na baridi ilikuwa kali. Walipika bukari yao inje juu ya mbabula, wakala, kisha wakaingiza mbabula mu chumba pamoja na makala mekundu yaliyobaki. Wakafunga mulango na dirisha, wakalala. Asubuhi hawakuamuka.

Mu kilio, kama desturi yetu ilivyo, wanaume walikaa inje usiku muzima kuzunguka magogo makubwa yanayowaka. Hapo njo muzee mumoja aliuliza neno ambalo lilituingia: “Sisi tulilala na moto mu nyumba tangu zamani. Bankambo betu balilala nayo, balizeeka nayo. Juu ya nini ile yenu inaua?” Hakuna mutu aliyemujibu. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walinyamaza tu na kuangalia moto.

Maandiko haya ni jibu letu kwa muzee yule. Ili kujibu, ilitupasa kurudi nyuma mbali, kwa sababu ulizo lake si ulizo la usiku mumoja. Ni historia nzima ya namna watu wa Katanga ya kusini walivyopata joto na mwanga mu nyumba zao: mbele ya kampuni, wakati wa kampuni, na nyuma ya kampuni kuanguka.

1. Moto wa mafiga

Wasomaji wengi wanaoishi mahali pengine wanafikiri Kongo yote ni inchi ya joto. Sisi tunajua si vile. Lubumbashi iko juu, karibu meta 1,200 kupita bahari, na mu mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya digri 10. Juu ya nyanda za Kundelungu na Biano baridi ni kali kuliko hapa. Kwa hiyo moto wa nyumba haukuwa wa kupikia tu. Ulikuwa blanketi ya watu wasiokuwa na blanketi.

Mu nyumba ya zamani moto ulikaa katikati, mu mawe tatu, yale mafiga. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na paa yake ya majani. Haikuwa na dirisha, au ilikuwa na kitundu kidogo tu. Lakini paa ya majani inapumua. Moshi ulipanda, ukapenya pole pole kati ya majani, ukatoka. Ukipita mu kijiji asubuhi ya baridi, uliona mapaa yote yanafuka kama sufuria, wala hakuna aliyeshituka.

Ule moshi ulikuwa na kazi. Ulifukuza umbu na kuua wadudu wanaokula miti ya paa. Juu ya moto walitundika mahindi ya mbegu, na masizi yaliyashika, fukusi hakuyagusa mpaka mvua ya kupanda. Nyama na samaki vilikaukia pale pale. Bamama wanatuambia kwamba nyumba ambayo moto wake umekaa siku nyingi bila kuwashwa, paa yake inaanza kuoza mbele ya wakati. Kwa macho, kweli, moshi ulikuwa mubaya: wazee wengi walikuwa na macho mekundu na kikohozi. Hatutaki kusema kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Tunasema kwamba moto ule ulikuwa na nyumba yake, na nyumba ile ilijua moto wake.

Tena moto ule haukulala. Usiku walifunika gogo moja na majivu, asubuhi wakalifunua na kulipulizia. Kama moto wa nyumba moja umezimika, mama alituma mutoto kwa jirani na kigae cha chungu ili aombe kaa moja la moto. Kupekecha moto kwa vijiti viwili kulikuwa kazi ya muda, ya wawindaji na wasafiri. Mu kijiji walikuwa wanaombana moto. Muzee mumoja wa njia ya Kasenga alituambia: “Moto haikuwa ya mutu moja. Kama jirani anakunyima moto, ujue urafiki imekufa.”

Kwa Waluba jambo hili lilipanda mpaka ku utawala. Chifu mupya aliyetambuliwa na mfalme alipokea makaa ya moto kutoka boma la mfalme, akaenda nayo kuwasha moto wa kwake. Mwenye kupokea moto alijiunga na yule aliyeutoa.

2. Makala yalikuwa ya nani?

Watu wengi wanafikiri makala yaliletwa na Wazungu. Sivyo. Makala yalikuwa mu Katanga mbele yao, lakini hayakuwa ya nyumbani. Yalikuwa ya wayeyushaji wa shaba.

Wasanga, Wayeke na wengine walichimba mawe ya kijani ya malakiti, wakajenga tanuru ndogo za udongo, wakazijaza mawe na makala, wakapuliza kwa mivukuto mpaka shaba ikatiririka. Kutoka pale zilitoka zile misalaba za shaba ambazo zilitembea mbali sana kama mali ya biashara na ya mahari. Watu wa kazi hiyo walijulikana kama “walashaba”. Kuni tupu hazitoshi kuyeyusha shaba. Ni makala njo yanatoa joto kali kupita. Walichagua miti migumu, wakaichoma karibu na tanuru, mbali na kijiji, mu wakati wa jua. Desturi nyingi zilifunga kazi ile: wanaume walilala huko, mbali na wake zao, na kazi ilianza kwa maombi.

Tushike neno hili moja, maana litatusaidia mbele: makala ya zamani yalikuwa moto wa inje, moto wa kazi, chini ya mbingu. Hakuna mutu aliyeyaingiza mahali alipolala.

Kisha kampuni ikakuja. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906. Njia ya reli kutoka Rhodesia ilifika mu 1910, mwaka ule ule muji wa Élisabethville ulipozaliwa, na mu 1911 tanuru kubwa ya Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba. Tanuru ile ilikula koke iliyotoka kusini, lakini mashini za mvuke na treni zilikula kuni, kuni nyingi sana. Pori kando kando ya muji lilianza kukatwa mbele hata ya watu wa muji kuwa wengi.

Mu kampi na mu cité maisha ya moto yalibadilika. Kuni ni nzito, zinachukua nafasi, moshi wake unaingia kwa jirani, na parcelle ni ndogo. Nani atatoka Kamalondo ao Kenya asubuhi kwenda porini kuokota kuni, na kipenga cha kazi kinamungojea? Makala ni mepesi, yanauzwa kwa kipimo kidogo, hayatoi moshi sana, na yanaweza kukaa mu kona ya nyumba mwezi muzima. Njo vile moto wa wayeyushaji uligeuka moto wa jiko. Pamoja nayo ilikuja mbabula, kopo ao bati iliyotobolewa matundu, yenye miguu na mushikio. Jina lake linavuka mupaka: ndugu zetu wa Zambia wanasema mbaula. Wafanya kazi walikuwa wanaenda na kurudi, na vyombo vyao na maneno yao vilitembea nao.

Namna ya kutengeneza makala haikubadilika sana mpaka leo. Mwenye kazi anakata miti, anaiacha ikauke kidogo, anaipanga juu ya magogo mawili ya chini ili hewa ipite. Anafunika na majani mabichi, kisha na udongo, anaacha mulango mudogo wa kuwashia. Moto unaingia, na mulango unafungwa. Tangu hapo halali vizuri. Wiki moja, mbili ao zaidi, kufuatana na ukubwa wa tanuru, anazunguka usiku na muchana akiangalia moshi. Moshi mweupe na mzito ni maji ya muti yanatoka. Ukigeuka wa bluu na mwepesi, makala yameiva. Kama udongo umetoboka na hewa ikaingia, muti wote unakuwa majivu, na kazi ya mwezi inapotea kwa usiku mumoja.

Hesabu yake inaumiza. Kwa tanuru ya udongo, kilo 100 za muti mukavu zinatoa kati ya kilo 10 na 20 za makala. Vingine vyote vinapanda mbinguni.

3. Umeme wa shaba

Mu 1930 mitambo ya umeme ya Mwadingusha ilianza kazi juu ya maporomoko ya Cornet, ku muto Lufira. Walifunga muto, bonde likajaa maji, na likawa ziwa la Tshangalele ambalo wavuvi wanavua mpaka leo. Nyuma yake, mu miaka ya 1950, zikafuata Koni ku muto ule ule, kisha Nzilo na Nseke ku Lualaba. Kwa wakati ule kulikuwa inchi chache za Afrika zenye umeme mwingi kama Katanga.

Lakini umeme ule ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa shaba. Ulikwenda ku mashini za kusaga mawe, ku vyombo vya kusafisha shaba, ku pampu za maji ya mugodi. Mu 1952 treni kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke ilianza kuvutwa kwa umeme. Watu walikwenda kuiangalia inapita bila moshi. Wakati ule ule, mu nyumba nyingi za cité watoto walisoma kwa taa ya petroli, na mama alipika juu ya mbabula. Treni ilipata umeme mbele ya nyumba za watu walioitandikia reli.

Tusipunguze kweli: umeme ulifika pole pole hata kwetu. Mu kampi za kampuni, na zaidi wakati wa Gécamines, mufanya kazi alikuwa na taa mu nyumba bila kulipa, na wake wengi walijifunza kupika ku resho. Watu waliokulia mu kampi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi mu miaka ya 1970 wanatuambia kwamba kwao mbabula ilikuwa ya kuchomea nyama siku ya Yenga tu, ao ya kupikia maharage yanayochelewa. Mutoto wa kampi alicheka mutoto wa cité mwenye mikono myeusi ya makala.

Mu 1970 inchi iliunda SNEL, kampuni ya umeme ya serikali. Mu 1972 Inga ya kwanza ilianza, na mu 1982 Inga ya pili. Mwaka ule wa 1982 ulimalizika ule waya mukubwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, urefu wake karibu km 1,700. Wakati ule ilikuwa njia ndefu kuliko zote duniani za namna yake. Inapita Bandundu, inapita Kasai, juu ya mamia ya vijiji, na haiwashi taa hata moja njiani. Watu wengi walifikiri ni ubaya wa mutu fulani. Kuna pia sababu ya ufundi. Umeme ule unasafiri kwa mukondo usiogeuka, kwa nguvu ya volti 500,000. Unaingia pale Inga, unatoka pale Kolwezi, na kati kati huwezi kuushusha bila kujenga kituo kikubwa cha bei kali sana. Lakini ufundi hauchagui wenyewe. Kuna watu waliochagua ufundi ule, na walichagua hivyo kwa sababu walichotaka ni kufikisha umeme ku shaba tu. Mwanakijiji wa Kasai alilala gizani, na umeme wa inchi yake unapita juu ya kichwa chake.

4. Makala yanarudi

Mu mwezi wa tisa wa 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka ndani. Mu 1991 ilikuja wizi mukubwa wa miji, ule tunaouita piyaji. Gécamines, mama wa wengi, ikadhoofika. Mushahara ukakosekana miezi na miaka. Mu 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa “départ volontaire”, na wengi wanasema mpaka leo kwamba kwa mapenzi hakukuwa kitu mu jambo lile.

Kwa moto wa nyumba, kuanguka kule kulikuwa na maana ya wazi. Waya na kabina zilizofungwa kwa ajili ya nyumba chache zikabeba nyumba nyingi. Watu walihama kutoka vijijini wakikimbia vita na njaa, na kartye mupya zikaota kandokando ya muji bila nguzo hata moja. Kila jioni, saa watu wote wanawasha resho, taa inakuwa nyekundu kama tomati, kisha inazimika. Kama kabina imeungua, watu wa avenue wanachanga pesa ya kununua waya na mafuta, wanangojea wiki, mara miezi. Delestaji ikawa neno la kila mutoto.

Basi mbabula ikarudi mu nyumba zote, hata za wale waliomucheka mutoto wa cité. Na wanaume waliopoteza kazi walichukua shoka na kinga. Hao njo tunaita makalier. Anaondoka usiku, anasukuma kinga yenye mifuko mitatu ao mine, mirefu kupita kichwa chake, anaingia muji mapambazuko kwa njia ya Kasenga, ya Kipushi, ya Likasi ao ya Kasumbalesa. Mumoja alituambia alikuwa fundi wa mashini miaka 22. “Zamani nilikuwa natengeneza kuran. Sasa niko naleta makala juu kuran haiko.” Alisema hivyo bila kulalamika, kama mutu anayetaja umri wake.

Miti wanayokata ni ile ya miombo: mutondo, muputu, musamba, mubanga mugumu. Ni pori lile lile linalotupa bowa mwanzo wa mvua, na asali, na wadudu wa majani tunaowakausha na kuwala. Profesa François Malaisse, aliyefundisha hapa miaka mingi, aliandika kitabu kizima mu 1997 juu ya chakula ambacho watu wa pori hili wanatoa ndani yake. Bamama wauza bowa wa soko la Kenya wanatuambia kwamba zamani walitoka asubuhi kwa miguu na kurudi jioni na kikapu. Sasa wanapanda gari. Wauza makala nao wanasema kila mwaka tanuru inasogea mbali.

Nyuma ya sheria ya migodi ya 2002 kampuni mupya zilikuja nyingi, na tena umeme ukafuata shaba. Mwadingusha, iliyokuwa imechakaa, ilitengenezwa upya kwa pesa za mugodi, na ikarudi ku kazi mu 2021. Ku Lualaba kukajengwa Busanga, yenye megawati 240, kwa ajili ya migodi kwanza. Hatukatai migodi, maana nyumba nyingi zinakula kwayo. Lakini mutu anayesoma historia anaona kwamba kutoka 1930 mpaka leo njia ya umeme haikugeuka sana. Mu Kongo nzima, inchi yenye maji ya Inga, nyumba zenye umeme hazijafika hata robo.

5. Moto wa inje mu nyumba iliyofungwa

Sasa tunaweza kumujibu muzee wa kilio.

Muzee, moto wa bankambo ulikuwa wa kuni, na moto wa vijana wale ulikuwa wa makala. Kuni zina moshi. Moshi unachoma macho, unakohoza, unamuamusha mutu aliyelala. Moshi ni mubaya, lakini unasema. Makala yakiisha kuwa mekundu hayasemi kitu. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo waganga wanaita monoksidi ya kaboni. Ukiivuta, inakaa mu damu mahali pa hewa nzuri. Kwanza kichwa kinauma, miguu inalegea, mara mutu anatapika. Kama amelala, hasikii hata hayo. Anatoka mu usingizi kwenda mu kifo.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba makala meusi njo mabaya, na yakiisha kuwaka vizuri bila moshi ni salama kuingiza. Ni uwongo, na ni uwongo unaoua. Makala mekundu yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kutoa sumu ile mpaka yanazimika kabisa.

Muzee, tena nyumba si ile. Ya bankambo ilikuwa na paa ya majani, inayopumua. Ya kwetu ni ya matofali, na paa ya bati. Juu ya wezi tumefunga dirisha na mbao, juu ya baridi tumeziba nafasi ya chini ya mulango na kitambaa. Tumejenga nyumba nzuri kupita za zamani, na ni vizuri, lakini haina pua. Kisha tumechukua moto ambao wazee wenyewe waliuacha inje, porini, ku tanuru ya shaba, tumeuingiza mahali tunapolala. Kwa hiyo si desturi ya zamani iliyowaua vijana wale. Ni desturi tuliyoikata nusu: tulishika “kulala na moto”, tukaacha nyumba na kuni zilizokwenda pamoja na neno hilo.

Na si uchawi. Tunasema hivi wazi kwa sababu nyuma ya kilio kile jirani mumoja aliyezeeka alitazamwa vibaya, na watoto walikatazwa kupita mbele ya mulango wake. Kutojua kunaweza kuua watu wawili usiku, na kumuharibia watatu maisha muchana.

6. Tunapashwa kufanya nini

Watu wengi wanatumaini jua. Ni kweli, plaque za jua zimejaa ku masoko, na zimefukuza taa ya petroli na buji mu nyumba nyingi. Hiyo ni faida kubwa, maana buji imeunguza nyumba nyingi na watoto ndani. Lakini tusidanganyane. Plaque ndogo ya wati 50 inawasha taa na kujaza telefoni. Resho inaomba wati 1,000 ao zaidi. Mwenye plaque moja ameshinda giza, hajashinda baridi wala njaa. Kwa joto na kwa chungu, nyumba nyingi zitabaki na makala miaka mingi bado.

Sheria ya mwezi wa sita wa 2014 iliruhusu wengine kutengeneza na kuuza umeme, si SNEL peke yake. Ku Goma matunda yake yameanza kuonekana, kwa mitambo midogo ya mito ya Virunga. Mu Haut-Katanga pia mito haikosekani. Ni kazi ya wakubwa, na ya wanafunzi wetu wa polytechnique. Wakati tunangojea, kuna mambo ambayo hayangojei mutu.

La kwanza: mbabula ilale inje. Kama baridi inazidi, pasha moto maji, uyatie mu kidumu, ukifunge na kitambaa, ulale nacho. Mama mumoja wa Katuba alituonyesha namna ya nkambo wake: jiwe ao tofali linawekwa kando ya moto jioni, linafungwa mu nguo nzito, linaingia ku miguu ya watoto. Jiwe halivuti hewa ya mutu.

La pili: kama lazima kupika ndani, juu ya mvua ao ya wezi, mulango na dirisha vibaki wazi mpaka mbabula inatoka. Wenye kujenga waache matundu juu ya ukuta, chini ya bati, hata ya ukubwa wa tofali moja. Njo pua ya nyumba.

La tatu: pori. Muti wa miombo ukikatwa haufi. Kisiki chake kinatoa machipukizi, na nyuma ya miaka mingi kinakuwa muti tena, kama haking'olewi kwa kulima na kama moto mukali wa mwisho wa jua haukiunguzi kila mwaka. Wazee walichoma majani mapema, wakati bado yana maji kidogo, ili moto mukali usikute kitu. Hekima hiyo inahitaji machifu na makalier wakae pamoja, na sisi watu wa muji tukubali kwamba mufuko wa makala unaanzia pale.

La ine ni letu, sisi chama. Tangu kilio kile, kila mwaka mbele ya mwezi wa sita kuingia, tunapita mu makanisa na masomo ya kartye yetu na kusema maneno haya: makala mekundu yanaua. Tunasema mu Kiswahili, mu Kibemba, mu Kiluba, kwa maneno machache ambayo mutoto anaweza kuyafikisha kwao. Mwaka uliopita mutoto wa kike alituambia alitoa mbabula mu chumba cha bibi yake, bibi akamukaripia, na yeye akamujibu: “Nkambo, moto ya makala ni ya inje. Njo bakubwa balisema.” Bibi alikubali.

Zamani mutoto alitumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto. Leo tunamutuma na neno hili. Atakayelipokea asilizime, amupe na jirani yake.